Povu Kwenye Jicho la Jawad

Kitu cha mwanzo nilichokiona kilikuwa kidogo kuliko punje ya mchele. Lilikuwa povu. Lilikaa kwenye weupe wa jicho la mwanangu Jawad, upande wa sikio, kama povu la sabuni linaloganda ukingoni mwa beseni. Nilikuwa barazani nachambua karafuu, yeye amelaza kichwa pajani pangu, nikalifuta kwa ncha ya kanga. Likatoka. Sijamaliza konzi nyengine ya karafuu, nikamtazama tena, limesharudi palepale.

Nikalitazama na jicho la pili. Nalo lilikuwa na povu lake.

Sikumwita mtu. Mimi si mtu wa kuita. Nilimgeuza uso jua lisimpige, nikaendelea kutenganisha karafuu na makonyo yake, vile vijiti vinavyozishika, lakini macho yangu yalikuwa kwake na makonyo yakawa yanaangukia kwenye karafuu safi.

"Shatha! Unachambua au unachanganya?" aliniuliza Shangazi Badriya kutoka mlangoni.

"Nachambua, Shangazi."

Shangazi Badriya ni dada wa baba yangu, na pia ni mama wa mume wangu, Marhoun. Ndivyo tulivyo sisi. Babu zetu walitoka Oman, wakawa na mashamba hapa Gando. Mashamba mengi yamekwenda, lakini desturi ya kuozana wenyewe kwa wenyewe imebaki. Hata mdogo wangu Shamima alikuwa ameshaposwa na Ridha, mdogo wake Marhoun. Kwa hiyo nilipoolewa sikupata mkwe mgeni. Alikuwa Shangazi tokea mwanzo, na Shangazi amebaki.

Jawad alikuwa na miaka minne, lakini mgeni akimwona alidhani ana miwili. Kifua chake kilikuwa kizito tangu kuzaliwa. Alikula kama mtu mzima na bado mbavu zilimtoka. Choo chake kilikuwa cha mafuta, chenye harufu kali, kikigoma kuondoka na maji. Na alikuwa na chumvi. Ukimbusu kipaji cha uso unabaki unalamba midomo. Fulana yake ikikauka kwenye kamba kabla ya kufuliwa, mgongoni inachora michoro myeupe, kama nguo ya mtu aliyetoka kuoga pwani, na yeye hajavuka ua.

Kifua kilitibiwa, kikapoa, kikarudi, kikatibiwa tena. Lakini ile chumvi hakuna aliyeiuliza, na sisi hatukuitaja, kwa sababu Shangazi alikuwa ameshaipatia sababu yake.

"Chumvi inamtoka kwa kuwa imemjaa," alisema. "Ndani ya ntoto huyu mna bahari nzima. Tukizidi kumpa tutammaliza."

Basi tangu joto la kaskazi lianze, chakula cha Jawad kilipikwa mbali na chetu. Wali wa tui usio na chumvi, uji usio na chumvi, mchuzi wa samaki asionje. Shangazi alifanya hivyo kwa mapenzi. Alisimama jikoni mwenyewe, na magoti yake yale mabovu, ahakikishe kijiko cha sufuria kubwa hakiingii kwenye sufuria ndogo.

Jawad naye akawa anaitafuta. Siku chache baada ya povu lile tulimkuta nyuma ya nyumba ameshika kipande cha ng'onda, samaki wa chumvi aliyeanikwa, anakilamba kama peremende.

"Ee! Hebu njooni muone!" Shangazi alipiga kelele. "Marhoun kavyaa mbuzi!"

Marhoun alicheka mpaka akakaa chini. "Mama, mbuzi tutamchinja Idi. Huyu muache, hana nyama."

"Cheka tu wewe. Figo zikimkauka utacheka?"

Nilimnyang'anya ile ng'onda. Jawad akalia. Alilia kwa nguvu zake zote, mdomo wazi, shingo imemsimama, na machozi hayakushuka. Kope zilishikana kwa uzi wa ute mzito, kama weupe wa yai bichi, na mashavu yakabaki makavu. Shangazi na Marhoun walikuwa bado wanataniana. Mimi nilisimama na ng'onda mkononi, nikamtazama mtoto analia bila machozi.

Jioni hiyo nilijikaza nikamwambia Shangazi kwamba macho ya Jawad yana uchafu. Nilisema uchafu. Zaidi ya hapo sikuthubutu.

"Yamelegea hayo," alisema. "Nshakwambia tangu zamani umpake wanja."

Akaleta kichupa chake cha shaba, alichorithi kwa mama yake, akachovya kijiti na kukipitisha ndani ya kope za Jawad, chini na juu. Wanja ulikuwa wa kukaza macho, na wa kumkinga na kijicho cha watu. Mimi nilikuwa nimemshika kichwa, nimejiandaa kwa purukushani. Hapakuwa na purukushani. Kijiti kilipita kikagusa jicho lenyewe, na Jawad hakupepesa. Alikaa ametulia, macho wazi, kana kwamba jicho si lake.

"Mnamuona mwanamme?" Shangazi alifurahi. "Hata hakushtuka."

Niliyeshtuka ni mimi. Kesho yake ule weusi ulikuwa bado umo jichoni, chembe chembe, haukuoshwa na kitu. Na weupe wa jicho haukuwa na mng'aro tena. Ulikuwa kama gololi iliyosuguliwa mchangani.

Kisha ikaja ile jioni ya pipa.

Adhana ya Magharibi ilikuwa imeshatoka. Jawad alikuwa akitoka uani kuja ndani, njia aliyoipita kila siku ya maisha yake. Akaligonga pipa la maji kwa kifua. Akarudi nyuma, akaligonga tena. Akanyoosha mikono mbele, vidole vimetanuka, akasimama.

"Mama, washa taa."

Taa ilikuwa inawaka. Ilikuwa juu ya kichwa chake, ile ndefu nyeupe, wadudu wanaizunguka, na kivuli chake mwenyewe kilikuwa miguuni pake.

"Umeme umekatika," nikamwambia. Nikaenda nikamshika mkono.

Uongo ule ulitoka upesi kwa kuwa niliwahi kusema mfano wake zamani, kwa mtoto mwengine.

Nilikuwa na mdogo wangu akiitwa Hamdan. Wakati huo tulikaa Madungu, kwenye nyumba ya kupanga isiyo na umeme, mbali na ukoo. Baba alikuwa Muscat anatafuta riziki, mama yuko peke yake, Shamima anatambaa na Hamdan anaumwa. Nilipofika darasa la tano mama aliniomba nikae nyumbani nimsaidie kumlea Hamdan. Sikurudi tena skuli. Hamdan alikuwa na kifua, na choo cha mafuta, na chumvi. Nilikuwa nikimlamba shavu makusudi, kisha najitia kutapika, yeye anacheka mpaka anakohoa.

Baadaye macho yake yakakauka. Nesi alipopita mtaani na vidonge vya vitamini vya watoto, vile laini vyekundu, alikikata kimoja ncha akamdondoshea mafuta yake mdomoni, kama alivyowafanyia wenzake. Mama alishukuru. Watoto wengine wa mtaa wakaendelea na michezo yao. Hamdan akaendelea kupapasa ukuta.

"Dada, washa taa," aliniambia jioni moja. Kandili ilikuwa mezani, kioo chake nimekisafisha mwenyewe kwa gazeti. Nikamwambia mafuta ya taa yameisha. Kila jioni aliuliza, na kila jioni nilimwambia yameisha, naye aliniamini. Kisha jicho lake moja likageuka jeupe lote, kama yai la kuchemsha. Masika yalipoingia, kifua kikamchukua.

Mama aliniambia maneno haya wakati tunakunja nguo za Hamdan: "Ukiulizwa, sema homa. Wakijua ni kitu cha kwenye damu, hakuna wa ukoo atakayekuja kukuoa wewe wala mdogo wako." Baba alipopigiwa simu aliambiwa homa. Shangazi alipokuja msibani aliambiwa homa. Mama naye ameshatangulia, Mungu amrehemu, na ikabaki homa. Aliyejua ni mimi peke yangu.

Kwa hiyo nilipomshika Jawad mkono pale kwenye pipa, sikuwa naogopa kitu nisichokijua. Nilikuwa nakijua mpaka mwisho wake.

Asubuhi hakuweza kufumbua macho. Kila mwanga ulimchoma. Alijificha uso ndani ya kanga yangu, na mwili wake ulikuwa umelegea, hata kichwa alikiacha kianguke. Nilimpelekea Marhoun akiwa hivyo, nikamuweka mikononi mwake. Marhoun alimtazama, na ule utani wake wote ukaondoka usoni.

"Tunakwenda mjini, Chake," alisema. "Kwa daktari wa macho. Sasa hivi."

Shangazi alikuwa ameshavaa buibui. "Na mimi nakwenda. Nani atakayesema huko? Huyu?" Akaninyooshea kidevu. "Huyu, daktari akimuuliza jina, atatazama chini mpaka adhuhuri."

Haukuwa uongo. Na ndiyo desturi yetu. Mkubwa akiwepo, mkubwa ndiye anayesema. Anatoa salamu, anaeleza maradhi, anajibu maswali. Mama wa mtoto anashika mtoto.

Daktari aliitwa Msellem. Hakuwa mzee. Marhoun alibaki nje anatafuta pa kuweka gari, sisi tukaingizwa kwenye chumba kidogo kilichofungwa mapazia, na kabla daktari hajakaa, Shangazi alimuuliza, "Wewe mtoto wa nani?"

"Mimi wa Kisiwa Panza, Bi. Mtoto wa Mzee Jaribu."

"Kisiwa Panza! Siku hizi wakamata pweza wanatoa madaktari?"

"Pweza wamekuwa wachache, Bi," alijibu, huku ananawa mikono. "Tukaona tuje kwenye macho."

Nesi akacheka, Shangazi akacheka, na mara wakawa kama watu wanaojuana. Nilitamani ningeweza kuwa hivyo hata siku moja.

Daktari alimfumbua Jawad kope moja, taratibu. Akachukua pamba na maji, akaanza kusafisha wanja.

"Wanja ni sunna," Shangazi alisema, sauti imeanza kupanda.

"Ni sunna, Bi. Lakini jicho hili halina machozi ya kuliosha. Chembe zikiingia zinabaki zinasaga."

Akachukua vijikaratasi viwili vyembamba, akakunja ncha, akamning'inizia Jawad kwenye kope za chini. Alisema vinapima machozi; kwa mtoto asiyeumwa, karatasi inaloa mpaka karibu na mwisho. Tukasubiri. Nilikuwa nazitazama zile karatasi kama mtu anayetazama chungu kichemke. Zililoa pale kwenye kikunjo tu, zikaishia hapo. Kisha akamtia tone la rangi ya manjano, akazima taa, akammulika kwa mwanga wa buluu. Hofu ilinipanda giza lile lilipoingia. Niliona ile rangi ikitanda juu ya jicho, na mara ikapasuka mabaka mabaka, kama maji yanavyojitenga kwenye sahani yenye mafuta. Na kwenye jicho la kulia palibaki doa dogo linalong'aa kijani, halikuondoka.

Akawasha taa.

"Machozi si maji matupu," alisema. Alikuwa akimwambia Shangazi, lakini alinitazama na mimi. "Chini kuna ute unaoyashika kwenye jicho. Katikati maji. Juu kuna mafuta membamba yanayoyazuia yasikauke. Ya huyu yamevurugika. Yanakauka kabla hajapepesa. Na mwili wake umepungukiwa vitamini A, ndiyo maana haoni jioni, ndiyo maana lile povu. Hili doa la kulia ndilo linalonitia wasiwasi. Kioo cha mbele cha jicho kimeanza kulainika. Kikitoboka, jicho limekwenda, na sina nitakachoweza kufanya."

"Ya Rabbi," Shangazi alisema.

"Anakula nini?"

"Anakula kutushinda sote! Mayai, maini, maembe, maziwa ya ng'ombe wetu wenyewe. Usije ukadhani kwetu kuna njaa."

"Sijadhani, Bi." Alikuna kidevu. "Katika ukoo, kuna mtoto mwengine aliyewahi kuwa hivi? Macho, kifua, kudhoofu?"

"Hakuna," Shangazi alijibu papo hapo. "Ukoo wetu msafi. Alikufa mmoja tu, mtoto wa kaka yangu, na huyo ilikuwa homa."

Daktari akanigeukia. "Na mama mtu anasemaje?"

Nikatazama chini. Niliona vidole vyangu vya miguu, hina imefifia kwenye kucha.

"Huyu hana neno," Shangazi alisema. "Huyo marehemu alikuwa nduguye, lakini yeye alikuwa ntoto, hajui kitu."

Nilikaa hivyo. Daktari akaandika, akasema Jawad atapewa dawa leo na kesho, na nyengine ya kupaka machoni, na kila asubuhi tumlete amtazame. Shangazi akamuombea dua. Nesi akaja na kitu kidogo kiganjani na mkasi.

Kilikuwa kidonge laini, chekundu.

Akakikata ncha. Tone la mafuta likajitokeza kwenye kijishimo, likang'aa chini ya taa, na nilimuona Hamdan. Nilimuona alivyofumbua mdomo kwa utiifu, na ulimi wake ulivyolamba pembeni lisipotee hata tone.

"Asipewe," nikasema.

Sauti ilitoka ndogo mno. Nesi alikuwa ameshamshika Jawad kidevu.

"Umesema?" aliuliza daktari.

"Asipewe hiyo. Yaani apewe, lakini haitamsaidia. Ndugu yangu alipewa hiyo hiyo."

"Shatha!" Shangazi alisema.

"Haikuwa homa, Shangazi." Sikuweza kumtazama. Nilimtazama Jawad. "Hamdan alikuwa na kifua kama hiki. Na macho kama haya. Alikuwa haoni jioni. Nesi akampa kidonge chekundu, watoto wote walipewa, wenzake hawakuwa na tatizo, na yeye jicho likageuka jeupe. Niliona. Nilikuwa nimemshika mimi."

Daktari alisogeza kiti chake karibu, akakaa chini kuliko mimi, kama anavyokaa mtu anayezungumza na mtoto.

"Choo chake kilikuwaje, mama?"

"Cha mafuta. Kama cha huyu."

"Na ulipokuwa ukimbusu?"

Nikainua uso. Katika miaka yote ile, ya Hamdan na ya Jawad, hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hilo.

"Chumvi," nikasema. "Wote wawili."

Alipitisha kidole kwenye kipaji cha uso cha Jawad, penye nywele, akakitazama kwenye mwanga. Kilikuwa na unga mweupe. "Na chakulani anapata chumvi?"

Hilo halikuwa langu kujibu. Shangazi alijibu, polepole. "Hata chembe. Tangu kaskazi ianze. Nilihakikisha mwenyewe."

Daktari aliinuka. Alimwambia nesi aache kidonge, alete dripu. Alizungumza kwa haraka, lakini bila ukali, na wala hakumtazama Shangazi kwa lawama. Alisema kuna maradhi yanayofanya ute wa mwili mzima uwe mzito, kifuani, tumboni, mpaka kwenye macho. Tumbo linashindwa kupokea mafuta, na vitamini hii imo ndani ya mafuta, kwa hiyo inapita kama inavyopita samli aliyokula. Chumvi haimjai, inamkimbia na jasho, na kwa joto hili mtoto kama huyu akinyimwa anaweza kulala asiamke. Alitaja jina la maradhi, maneno mawili ya kigeni. Nilimuomba alirudie, nikalirudia moyoni nisilisahau. Sistiki faibrosisi. Alisema hawezi kuapa kuwa ndiyo mpaka jasho lipimwe, na kipimo hicho kiko ng'ambo, Dar. Ila hatasubiri kipimo kumtibu jicho.

"Yanatoka wapi maradhi hayo?" aliuliza Shangazi.

"Kwa baba na mama wote wawili, Bi. Kila mmoja anabeba nusu yake na wala haumwi. Wakikutana wawili wenye nusu, baadhi ya watoto wanapata nzima."

Shangazi alikaza ushungi wake, akatoka nje. Mlango haukupigwa. Ulifungwa taratibu, na hilo ndilo lililoniogopesha zaidi.

Tukalazwa. Daktari alipiga simu Unguja, na vitamini ya sindano, isiyokuwa ya mafuta, ikaletwa kwa ndege ya mchana. Jawad alichomwa pajani kabla ya Alasiri. Hakulia. Matone yalikuwa yakitiwa machoni mwake kila mara, na jicho la kulia likafunikwa kwa kikombe cha plastiki lisiguswe. Marhoun alikaa kwenye ncha ya kitanda, ameshika mguu wa mtoto.

"Kumbe unajua kusema," aliniambia.

"Mama yako atanifukuza?"

"Mama?" Alijaribu kutabasamu. "Wewe ni mtoto wa kaka yake. Akitaka kufukuza ataanza na mimi."

Lakini Shangazi hakuonekana. Kila viatu vilipopita ukumbini nilijikunja. Niliwaza kuhusu Shamima na posa yake, na maneno ya mama wakati tunakunja nguo. Niliwaza kuhusu jicho. Daktari aliniambia kweli yote: uoni wa jioni ungeweza kurudi baada ya siku chache, sindano ikifanya kazi. Kioo cha kulia hakuweza kuniahidi. Kifua kitahitaji kuangaliwa maisha yote.

Jua lilikuwa limeshashuka Shangazi alipoingia. Alikuwa na bakuli la uji limefunikwa kwa sahani. Hakunisalimia. Alikaa upande wa pili wa kitanda, akatoa kifuko kidogo cha karatasi kwenye mkunjo wa kanga, akakifungua. Chumvi. Akachukua kwa vidole, akatia, akakoroga, akaonja, akatia tena.

"Mama yako aliniogopa mimi?" aliuliza, huku anakoroga.

"Aliogopa watu wote, Shangazi."

"Nakuuliza mimi. Nilikuwa ntu wa kuogopwa?"

Akanitazama, na macho yake yalikuwa mekundu. Kumbe alikokuwa alikuwa analia.

"Hee," alisema, akarudi kwenye uji. "Posa ya Shamima na Ridha isimame kwanza. Si kwa ubaya. Isimame mpaka wapimwe." Kisha akamuinua Jawad kichwa. "Njoo mbuzi wangu. Njoo unywe."

Jawad alionja. Akashika bakuli kwa mikono miwili akanywa bila kupumua, uji ukamtiririka kidevuni, na Shangazi akawa anaufuta kwa kiganja, anasema, "Taratibu, taratibu, hakuna wa kukunyang'anya tena."

Adhana ikatoka. Nesi akapita anawasha taa za wodi, moja baada ya moja, mpaka juu ya kitanda chetu. Jawad akaacha bakuli. Akageuza uso huku, akageuza kule, jicho lake la kushoto wazi kabisa, vidole vimetanuka hewani.

"Mama. Umeme umekatika tena?"

Marhoun alinitazama. Shangazi alinitazama. Taa ilikuwa ikimulika hadi nyuzi za shuka. Ningesema ndiyo, angeniamini, kama alivyoniamini Hamdan. Nilikuwa naogopa kuliko asubuhi, kuliko siku ya povu. Nikamshika ule mkono.

"Haukukatika, baba. Taa inawaka. Macho yako ndiyo yanaumwa, ndiyo maana huioni."

"Sasa hivi inawaka?"

"Sasa hivi inawaka."

"Iko wapi?"

Nikauinua mkono wake, nikaunyoosha juu, mpaka kidole chake kikaelekea pale penye mwanga. Akakiacha hapo, anasubiri. Nami nikiwa bado nimemshika, nikasema kwa sauti, Shangazi akisikia na mume wangu akisikia:

"Na yale mafuta hayakuwa yameisha, Hamdan. Kandili ilikuwa inawaka. Ilikuwa mezani, mbele yako."